Mwalimu auliza: sindano ya RNA itatufikia lini?

Swali:

"Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 67, naishi Korogwe. Natumia vidonge vya presha tangu 2011, na mwaka jana nikaambiwa lehemu nayo iko juu, nikaongezewa kidonge kingine. Mwanangu anaishi Uingereza. Alipata mshtuko wa moyo akiwa na miaka 43, akapona, na sasa anachomwa sindano ya kushusha lehemu mara mbili tu kwa mwaka. Anasema ni dawa ya RNA. Nilipowasimulia wenzangu kijiweni, mmoja akanionya kwamba RNA ndiyo ile ya chanjo ya Korona na inabadilisha vinasaba. Nina pia mjukuu wa miaka 6 mwenye selimundu, na nimesikia nako kuna tiba za namna hiyo. Naomba unifafanulie: RNA ni kitu gani, inatufaa sisi huku, na itatufikia lini?"

Jibu:

Shikamoo Mwalimu.

Kabla ya RNA, kuna jambo ulilolitaja kwa kupita ambalo limenishtua kuliko mengine yote: mwanao kupata mshtuko wa moyo akiwa na miaka 43. Mzazi ana lehemu ya juu, mtoto wa kiume anaugua moyo kabla ya miaka 55. Hapo daktari huanza kufikiria lehemu ya kurithi. Ndugu zako wa damu na watoto wako wengine wapime, hata kama wanajisikia wazima kabisa. Lehemu haiumi. Nimelitanguliza hili kwa sababu halihitaji teknolojia yoyote mpya, na nisingependa lizame kwenye maelezo marefu yanayokuja.

Sasa tuingie darasani.

Chukulia kila seli ya mwili ni shule. Ofisini kwa mwalimu mkuu kuna kitabu kimoja kikubwa, kimefungiwa kabatini. Hicho ni DNA, na hakitoki ofisini. Darasa likihitaji somo, mtu huingia, hunakili ukurasa unaotakiwa, kisha huja kuuandika ubaoni kwa chaki. Maandishi hayo ya chaki ndiyo RNA. Hasa ile iitwayo mRNA, yaani RNA mjumbe. Wanaosoma ubao na kufanya kazi iliyoandikwa ni mashine ndogo ziitwazo ribosomu, na wanachotengeneza ni protini. Baada ya muda, mara nyingi dakika au saa kadhaa, ubao unafutwa.

Dawa nyingi tulizozoea hushughulika na protini ambayo imeshatengenezwa. Kama kidonge chako cha presha ni amlodipini, kwa mfano, kinakwenda kuziba milango ya kalisiamu kwenye misuli ya mishipa, na kesho inabidi ukameze kingine. Dawa za RNA zinarudi nyuma hatua moja, pale ubaoni. Nyingine huandika sentensi mpya. Nyingine hurekebisha nukuu iliyonakiliwa vibaya. Ndivyo inavyofanya nusinersen, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2016 kwa watoto na watu wazima wenye ugonjwa wa kurithi unaoua neva za misuli. Na nyingine ni dasta: zinatafuta mstari mmoja tu ubaoni na kuufuta kila unapoandikwa. Mwanao amepewa dasta.

Chanjo za Korona za Pfizer na Moderna ni zile za kuandika. Ziliongeza sentensi moja ubaoni: tengenezeni kipande hiki cha kirusi. Kinga ya mwili ikakiona, ikakikariri, na chaki ikafutwa. Hazikuzuka ghafla kama wengi wanavyodhani. Katalin Karikó, binti wa muuza nyama kutoka Hungaria, na mwenzake Drew Weissman, walionyesha mwaka 2005 kwamba ukibadilisha kidogo herufi mojawapo ya RNA, mwili hauishambulii tena kama adui. Miaka 15 kabla ya Korona, Mwalimu, na wakati ule hakuna aliyewashangilia. Karikó alikuwa ameshashushwa cheo chuoni kwake. Tuzo ya Nobel ilikuja 2023.

Mzee wa kijiweni asichekwe lakini. Hofu yake ina chimbuko, kwani sisi sote tunamfahamu kirusi mmoja wa RNA anayeingia kwenye DNA ya mtu na asitoke: kirusi cha UKIMWI. Ila kirusi hicho huja na vifaa vyake, kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA na kingine cha kuibandika kitabuni. Chanjo ile haikubeba hata kimoja, wala haikuwa na njia yake ya kuingia ofisini kwa mwalimu mkuu. Madhara inayo. Linalojulikana zaidi ni uvimbe wa misuli ya moyo, nadra, hasa kwa vijana wa kiume baada ya dozi ya pili. Hayo yasemwe waziwazi, maana watu wakificha dogo, kubwa wanalosema haliaminiki tena.

Dasta, kwa upande wake, haiandiki chochote. Ushahidi mzuri uko kwa mwanao mwenyewe: akiacha kuchomwa, lehemu yake itapanda polepole mpaka irudi ilikokuwa. Kitabu hakijaguswa.

Jinsi dasta hii ilivyogunduliwa ni kisa kinachonifurahisha kila nikikifundisha. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani, Richard Jorgensen na wenzake, walitaka maua ya petunia yakolee rangi ya zambarau, wakayaongezea jeni ya rangi. Baadhi yakachanua meupe pe. Kuongeza kukawa kufuta! Ilikaa kama kitendawili hadi 1998, Andrew Fire na Craig Mello walipoonyesha, kwa kutumia kijinyoo cha urefu wa milimita moja, kwamba RNA ya nyuzi mbili ikiingia kwenye seli, seli huitumia kama kielelezo cha kutafuta na kukata RNA yoyote inayofanana nayo. Walipewa Nobel 2006, miaka minane tu baadaye, na kwenye sayansi hiyo ni kasi ya bodaboda.

Sindano ya mwanao, kwa maelezo yako, bila shaka ni inclisiran. Juu ya seli za ini kuna vipokezi vinavyofanya kazi ya makuli: vinaidaka lehemu mbaya kutoka kwenye damu na kuiingiza ndani ikavunjwevunjwe. Kuna protini moja, PCSK9, ambayo ni kama msimamizi mwenye gubu. Kazi yake ni kuwapeleka makuli hao wakateketezwe. Inclisiran inafuta mstari wa PCSK9 ubaoni. Makuli wanabaki kazini, na lehemu mbaya inashuka kwa karibu nusu. Katika majaribio makubwa yaliyochapishwa 2020 ndivyo ilivyokuwa: dozi ya kwanza, ya pili baada ya miezi mitatu, kisha kila miezi sita. Dozi moja inadumu muda wote huo kwa sababu herufi zake zimeimarishwa kikemia zisioze upesi, na kwa sababu hujihifadhi ndani ya seli za ini na kuvuja kidogokidogo kama mtungi uliopata ufa.

Hapa sasa ndipo ninapotaka tukae, Mwalimu, kwa sababu swali lako la "inatufaa sisi huku" jibu lake linaanzia hapa.

Wanasayansi walijuaje kwamba kuifuta PCSK9 ni salama? Waliisoma kwenye damu ya watu weusi. Mwaka 2005, huko Dallas, Texas, Helen Hobbs na Jonathan Cohen waliona kwamba baadhi ya Wamarekani wenye asili ya Afrika walizaliwa na jeni hiyo ikiwa imeharibika, na lehemu yao ilikuwa chini tangu utotoni. Mwaka uliofuata wakachapisha matokeo ya watu weusi 3,363 waliofuatiliwa kwa miaka 15: asilimia 2.6 walikuwa na hitilafu hiyo, na hatari yao ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilikuwa imepungua kwa asilimia 88. Kisha mwaka 2007 ikaja taarifa ya mwanamke kijana wa Zimbabwe, mwenye umri wa miaka 21, mzima, aliyekwisha kujifungua, ambaye alirithi hitilafu hiyo kwa baba na kwa mama. Lehemu yake mbaya ilikuwa karibu 15 kwa kipimo cha miligramu kwa desilita, wakati mtu wa kawaida huwa na 100 na kuendelea. Hana PCSK9 inayofanya kazi, na anaishi tu. Mwanamke huyo alikuwa jibu hai la swali ambalo kampuni za dawa zingetumia mabilioni kulijibu.

Sisemi damu iliibwa. Watafiti wale walifanya kazi safi na waliichapisha hadharani. Ninachosema ni kwamba ukurasa ulionakiliwa kutoka kwenye kitabu chetu umekuwa dawa ambayo bei yake iliyoorodheshwa Uingereza ilikuwa pauni 1,987 kwa dozi moja, zaidi ya shilingi milioni 6 za Tanzania. Serikali yao ilipata punguzo ambalo halitangazwi, na mwaka 2021 chombo chao cha kuamua dawa zipi zilipiwe, NICE, kikairuhusu kwa watu kama mwanao: waliokwisha kuugua moyo au kiharusi na lehemu bado imegoma kushuka. Nchini Marekani ilianza kuuzwa dola 3,250 kwa dozi.

Ukiitazama dawa yenyewe, ukiweka bei pembeni, utaona kichekesho. Haihitaji jokofu, inakaa kwenye joto la kawaida la chumba, mradi isigandishwe. Inachomwa chini ya ngozi, na nesi yeyote wa zahanati anaweza. Mgonjwa anarudi mara mbili kwa mwaka. Kama ungeniambia nibuni dawa ya kufaa kijiji ambacho barabara hukatika masika yote, ningebuni inayofanana na hii. Nani anaihitaji zaidi, mtu wa London mwenye duka la dawa chini ya nyumba yake, au mtu wa milimani Lushoto?

Nilifanya kazi ya ufamasia wilayani kabla ya kuhamia kufundisha. Tulikuwa na bibi mmoja wa presha. Mwezi wa kwanza alikuja, akapewa vidonge, presha ikashuka vizuri. Mwezi wa pili alikosa nauli. Wa tatu alikuja akakuta dawa yake haipo dirishani, akaandikiwa akanunue, hakununua. Wa nne aliletwa amelazwa nyuma ya pikapu, upande mmoja wa mwili umekufa. Ninapoona wataalamu wa nje wanaandika kwamba wagonjwa wetu "hawazingatii dawa", humkumbuka yule bibi.

Kwa hiyo utaelewa kwa nini nafuatilia kwa karibu dasta nyingine iliyo kwenye majaribio, iitwayo zilebesiran. Hii inafuta mstari wa angiotensinojeni, protini inayotoka kwenye ini na kuanzisha mnyororo unaoikaza mishipa ya damu. Matokeo ya awali yaliyochapishwa 2023 yalionyesha kwamba sindano moja, kwa dozi kubwa, iliishikilia presha chini kwa wiki 24. Presha! Ugonjwa unaotuletea viharusi kila wiki, kwa sindano mbili za mwaka.

Lakini nina shaka nayo, na shaka yangu ni ya kwetu. Kidonge kikikushusha presha kupita kiasi, kesho unaacha kumeza. Sindano ya miezi sita imeshaingia, haitolewi. Mtu wetu akipatwa na kipindupindu mwezi wa pili baada ya kuchomwa, au malaria kali, au akavuja damu nyingi, mwili utahitaji kuipandisha presha haraka ili uokoe moyo na figo zake, na nyenzo mojawapo ya kupandishia imefutwa ubaoni. Na mwanamke anayeweza kushika mimba ni suala lingine zito, kwa kuwa dawa nyingine zinazogusa mnyororo huohuo zinajulikana kumdhuru mtoto tumboni. Majaribio yanayofanywa kwenye miji isiyojua kipindupindu hayatatujibia hayo. Yatajibiwa yakifanywa Mwanza, Kisumu au Goma. Ndiyo maana nasema kusubiri dawa ikamilike ng'ambo kisha tuipokee ni kosa la kitabibu kabla halijawa kosa la kiuchumi.

Utakuwa umeona kwamba kila mfano wangu wa dasta unaishia kwenye ini. Si bahati. Kuandika RNA siku hizi ni rahisi. Mwanafunzi mwenye kompyuta anaweza kupanga herufi 21 za dasta kwa asubuhi moja. Kazi ni kuifikisha. RNA tupu ikiingia kwenye damu hukatwakatwa, na isipokatwa haijui njia. Ikifungwa kwenye vitone vidogo vya mafuta, vitone hivyo hupenda kuishia kwenye ini. Ikifungiwa sukari iitwayo GalNAc, seli za ini huidaka kwa vipokezi maalumu. Tangu patisiran, ya kwanza kuidhinishwa, Agosti 2018, dawa zote za aina hii ya dasta, ya RNA ya nyuzi mbili, zilizopata kibali zinafanya kazi kwenye ini. Kwa moyo, ubongo, mapafu na uboho, posta bado haijafika vizuri.

Kwa upande wetu ini si mahali pabaya pa kuanzia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 waliishi na homa ya ini B sugu, milioni 65 kati yao Afrika. Vidonge vilivyopo huizuia lakini ni nadra kuimaliza. Dawa ya RNA iitwayo bepirovirsen, katika jaribio lililochapishwa 2022, ilimfanya mgonjwa mmoja hivi kati ya kumi asionekane na kirusi miezi sita baada ya kumaliza dozi. Mmoja kati ya kumi ni kidogo, lakini kwa vidonge peke yake ni karibu na sifuri.

Nije kwa mjukuu.

Tiba uliyoisikia nadhani ni Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Hapa maneno ya mzee wa kijiweni ni ya kweli kabisa: hii inabadilisha vinasaba, na imekusudiwa ibadilishe. RNA ndani yake ni mwongozo tu, inamshika mkono mkasi, yaani kimeng'enya cha kukata DNA, na kumpeleka mpaka kwenye ukurasa wa BCL11A, swichi inayozima damu ya aina ya mtoto mchanga. Mkasi ukikata hapo, swichi inalegea, mwili unarudi kutengeneza damu ile ya uchanga, na seli hazijikunji tena umbo la mundu. Seli mama za damu hutolewa mwilini, hufanyiwa kazi hiyo maabara, kisha mgonjwa hupewa dawa kali za aina ya kemotherapi kuusafisha uboho kabla ya kurudishiwa. Wiki nyingi hospitalini, hatari ya kupoteza uwezo wa kuzaa, na Marekani bei yake ni dola milioni 2.2. Vibali vile vya 2023 vilikuwa kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Mjukuu wako ana 6.

Kuna habari nyingine ndani yake ambayo haikutangazwa sana. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba mwongozo huohuo unaweza kupotea njia na kukata mahali pasipokusudiwa kwa mtu mwenye herufi fulani moja kwenye kitabu chake, na herufi hiyo inapatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Ramani iliyotumiwa kuukagua mwongozo ilitokana sana na vitabu vya watu wengine. Wataalamu walioshauri kibali Marekani walilijadili, wengi wakaona faida inazidi hatari, na mimi nakubaliana nao. Ila fikiria: ugonjwa ambao wagonjwa wake wengi ni Waafrika, na herufi za Waafrika ndizo zilizochelewa kukaguliwa. Tanzania pekee inakadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na Muhimbili imewafuatilia maelfu ya wagonjwa tangu 2004. Watu wa kuulizwa wako hapa.

Ndoto ya wengi wetu ni kuutuma mkasi na mwongozo wake kwa sindano moja, ndani ya vitone vya mafuta, bila kemotherapi. Mwaka 2019 serikali ya Marekani kupitia taasisi yake ya utafiti wa afya, pamoja na mfuko wa Gates, waliahidi dola milioni 100 kila mmoja kwa tiba za namna hiyo za selimundu na VVU. Mwaka 2025, huko Philadelphia, mtoto mchanga mwenye ugonjwa hatari wa kurithi alitibiwa kwa dawa iliyotungwa ndani ya takriban miezi sita kwa ajili yake peke yake, ikasahihisha herufi moja mwilini mwake. Nilipoisoma nilisimama na kutembea chumbani. Lakini ugonjwa wake ulikuwa wa ini. Posta ile ile. Uboho ni nyumba ya mbali zaidi.

Kwa hiyo usiuze shamba, Mwalimu, na asikushawishi wakala yeyote wa safari za matibabu. Uliza kwanza kama mjukuu anatumia hidroksiyurea. Jaribio lililofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, likachapishwa 2019, lilionyesha kwamba watoto wetu wanaoitumia hupata maumivu machache, hupungukiwa malaria kwa karibu nusu, huongezewa damu mara chache na hufa kwa uchache zaidi. Ni kidonge cha zamani, hakina habari magazetini. Kama kliniki yake haijakitaja, kitaje wewe.

Na ukikutana na mtu anauza vidonge vya kumeza vya "RNA", mwambie ukila maharage na maini umekula RNA tele, na tumbo limeisaga yote.

Itafika lini? Historia inatupa vipimo viwili. Dawa za kufubaza UKIMWI ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza dola 350, na leo mchanganyiko mkuu ni chini ya dola 50. Wengi walikufa kati ya bei ya kwanza na ya pili. Kipimo cha karibuni ni lenacapavir, sindano ya kuzuia VVU inayochomwa kila miezi sita. Si dawa ya RNA, ila ratiba yake ni kama ya mwanao. Marekani inauzwa zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka, na mwaka 2025 ilitangazwa kwamba watengenezaji wa India wataiuza dola 40 kuanzia 2027. Tofauti ya vipimo hivi viwili imeletwa na kelele: za wagonjwa, za wanasheria wa hataza, za serikali zilizojifunza. Lehemu haina mtu wa kuipigia kelele. Presha nayo hivyohivyo.

Kuhusu kutengeneza wenyewe, mambo yanakwenda mbele na nyuma. Cape Town, kampuni ya Afrigen, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani, iliweza kutengeneza chanjo yake ya mRNA mapema 2022 kwa kufuata herufi zilizokuwa hadharani. Kigali kuna kiwanda cha BioNTech kilichoundwa kwa makontena, kilizinduliwa Desemba 2023. Kenya iliahidiwa kiwanda cha Moderna cha dola milioni 500. Aprili 2024 kampuni ikasema imesitisha, kwa kuwa mahitaji ya chanjo ya Korona yameshuka. Na Agosti 2025 wizara ya afya ya Marekani ilifuta miradi ya chanjo za mRNA yenye thamani ya karibu dola milioni 500, kwa sababu ambazo wanasayansi wengi, mimi mmoja wao, tunaziona za kisiasa. Kiwanda kinachotegemea wateja wa janga hufa janga likiisha. Kingekuwa na homa ya ini, presha na lehemu mezani kisingekosa kazi hata siku moja.

Sitakutajia mwaka. Nitakutajia dalili. Dawa ya aina hii ikisajiliwa na TMDA, mamlaka yetu ya dawa, ikaingia kwenye Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, na kampuni ya India ikapewa leseni, hapo anza kuhesabu miezi. Ikikosekana mojawapo, unachosikia ni maneno.

Kwa sasa endelea na vidonge vyako vyote viwili bila kuruka. Kile cha lehemu, kama ni cha jamii ya atorvastatini, kina ushahidi wa miongo mingi wa kuzuia mshtuko wa moyo, na sindano ya mwanao bado inasubiri majaribio makubwa yathibitishe hilo moja kwa moja. Asikubebee dozi kwenye begi akija likizo, hata kama haihitaji jokofu. Daktari wako hajakuandikia, na likitokea la kutokea hakuna atakayejua kilicho mwilini mwako.

Akutumie kitu kingine: karatasi ya vipimo vyake vya kabla hajaanza dawa. Tazama palipoandikwa LDL, ndiyo lehemu mbaya. Ikiwa ilikuwa 4.9 au zaidi kwa kipimo cha mmol/L, ipeleke kliniki pamoja na majibu yako, umwambie daktari na umri aliougua. Kisha wapigie simu ndugu zako, mkubwa hadi mdogo, wakapime.